Nyumba Ilikuwa ya Nani? Kusoma upya kumbukumbu za utoto wa vijijini Uingereza

Ukisoma kumbukumbu za wazee wa Kiingereza waliokulia vijijini, baada ya nne au tano unaanza kujua kitakachofuata. Kuna kijito walichovulia visamaki kwa chupa ya jemu. Kuna duka la posta lenye mitungi ya peremende, na mwenye duka anayejua kila mtoto ni wa nani. Kuna farasi wakubwa wa kulimia, kila mmoja na jina lake. Kuna mama anayefua kila Jumatatu, iwe jua au mvua, na bibi ambaye mkate wake haujawahi kupata mpinzani. Halafu inakuja ile sentensi: hatukuwa na kitu, lakini tulikuwa na raha.

Kwetu nako kila ukoo una mzee anayeisema, na sina sababu ya kumwita yeyote kati yao mwongo. Mtoto aliyecheza makondeni mpaka giza likaingia, akarudi akakuta viazi vya moto, alikuwa na raha kweli. Tatizo langu na sentensi hiyo ni kwamba inafunga mazungumzo mapema mno. Mtoto hakuwa mlipa kodi ya nyumba. Aliyelipa, au aliyekesha akiogopa kutolewa nje, alikuwa baba, na baba wa zamani hakuwa mtu wa kuongea mambo hayo mbele ya watoto. Kwa hiyo kila ninaposoma kumbukumbu hizi kuna swali moja ambalo mwandishi hajaliuliza: ile nyumba yenye maua dirishani ilikuwa ya nani?

Jibu, kwa familia nyingi za vibarua wa mashambani katika karne ya 19 na sehemu kubwa ya karne ya 20, ni kwamba ilikuwa ya tajiri wa baba. Ilikuwa kota. Mwenye shamba au kabaila wa eneo hilo aliimiliki, na familia ilikaa humo kwa sababu baba alikuwa mtunza ng'ombe, mwendesha farasi au mchungaji wa kondoo wa shamba hilo. Kazi ikikatika, nyumba nayo imekatika. Msomaji aliyezaliwa kwenye laini za mashamba ya chai Kericho, kambi za mkonge Tanga au kota za reli Tabora hahitaji maelezo zaidi. Anakumbuka jinsi ugomvi mdogo wa baba na msimamizi ulivyoweza kuwafanya wote mfunge magodoro.

Ukiwa na swali hilo mkononi, simulizi zile zile zinaanza kusema mengine.

Chukua utoto wa Joseph Arch, aliyezaliwa 1826 katika kijiji cha Barford, Warwickshire. Katika wasifu wake uliotoka 1898 anasimulia kwamba akiwa mtoto wa miaka saba alichungulia kwenye tundu la ufunguo la mlango wa kanisa ili aone watu wazima wanavyopokea Meza ya Bwana. Aliona kabaila akitangulia peke yake. Wakafuata wakulima wenye mashamba makubwa, kisha wenye maduka, fundi wa magurudumu na mhunzi. Mwisho kabisa, wakiwa wamevaa makoti yao ya kazi ya kitambaa kigumu, wakaenda vibarua, na baba yake akiwa miongoni mwao. Hakuna mtu mwingine aliyepiga magoti pamoja nao.

Wengi waliokulia vijijini waliona mpangilio wa namna hiyo kila Jumapili na wakauweka kwenye kumbukumbu kama sehemu ya utulivu wa zamani, enzi ambazo kila mtu alijua nafasi yake. Arch aliutoa kwenye tundu la ufunguo akaenda nao maisha yake yote. Kwa nini yeye? Kipaji, bila shaka. Mama mkali pia: mke wa kasisi alipoagiza wasichana wote wa shule wakatwe nywele kwa mviringo wa bakuli, mama yake Arch alikataa, na familia ikajikuta nje ya orodha ya wanaopewa supu na makaa ya mawe nyumbani kwa kasisi. Lakini kuna jambo ambalo Arch mwenyewe hakulificha na ambalo wasomaji hulipita haraka. Familia yake ilimiliki nyumba yake. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yao. Baba yake alipokataa mwaka 1835 kutia sahihi maombi ya kuunga mkono sheria za nafaka, zile zilizofanya mkate uwe ghali, walimnyima kazi, na mama akaishikilia familia kwa kufua nguo za watu. Njaa waliiona, ila hakuna aliyeweza kuja kuwatoa ndani. Jirani yake mwenye hasira ile ile lakini anayekaa kwenye kota alitia sahihi akanyamaza.

Nikitazama hapo ndipo ninapoelewa kilichotokea miaka 37 baadaye. Usiku wa tarehe 7 Februari 1872, Arch alisimama juu ya kigoda chini ya mti mkubwa huko Wellesbourne akawahutubia vibarua. Kwa hesabu yake mwenyewe walifika karibu watu 2,000, wengine wakiwa na taa walizotundika kwenye fito za maharage. Mwaka huo huo ukazaliwa chama cha kitaifa cha vibarua wa mashambani. Aliyekuwa na uhakika wa pa kulala ndiye aliyeongea kwanza, na wengine wakafuata wakijua wazi wanachohatarisha. Mwaka 1885, mara baada ya vibarua wa vijijini kupata haki ya kupiga kura, Arch aliingia Bungeni.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuamia ndege. Alikuwa na miaka tisa, na alilipwa peni nne kwa siku ya saa kumi na mbili ili awafukuze kunguru kwenye mbegu. Watoto wa Mbarali na Kilombero waliokaa kwenye dungu wakipiga madebe kuwatisha kwelea kwenye mpunga watamwelewa Arch kuliko Mwingereza wa leo anavyoweza kumwelewa, tofauti ikiwa kwamba wengi wao waliamia shamba la nyumbani. Shule za Uingereza ziliacha ushahidi wa mambo haya. Kuanzia 1862 shule zilizopokea ruzuku ya serikali zilitakiwa kuwa na daftari ambamo mwalimu mkuu aliandika matukio ya shule, na yaliyobaki yanasomwa hadi leo. Viazi vikivunwa, darasa ni tupu. Nafaka zikikomaa, shule inafungwa mpaka mavuno yaishe. Fulani na fulani hawajaja, hawana viatu. Mzee yule yule aliyekuwa mtoto darasani humo angekusimulia kuhusu viazi kama sherehe ya kutoroka shule. Vyote ni kweli, ila daftari liliandikwa na mtu mzima aliyejua mwisho wa mwezi unakuja.

Katika kumbukumbu zote za zamani, hakuna inayosimuliwa kwa upendo kama kuokota masazo. Wasomaji wa Biblia wanamjua Ruthu akiokota masuke nyuma ya wavunaji wa Boazi. Huko Uingereza kazi hiyo iliendelea mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Miganda ikishaondolewa, akina mama waliingia shambani na watoto wao, katika vijiji vingine kwa ishara ya kengele ya kanisa iliyopigwa asubuhi na tena jioni ili asiwepo wa kuwatangulia wenzake. Watoto wanakumbuka chai baridi kwenye chupa, kitoto kichanga kikilala kwenye kivuli cha michongoma, na migongo ya mama zao imeinama pamoja. Ngano iliyopatikana ilipelekwa kinuni, na unga wake uliweza kuilisha familia sehemu nzuri ya majira ya baridi.

Kisheria, hata hivyo, akina mama wale hawakuwa na haki yoyote pale. Mwaka 1788, katika kesi iliyoanzia kijiji cha Timworth, Suffolk, mwenye ardhi alimshitaki mwanamke aitwaye Mary Houghton kwa kuokota masazo shambani kwake, na mahakama ya London ikaamua kwamba desturi hiyo haimpi mtu haki. Hukumu hiyo ilikuja wakati Bunge likiendelea na kazi yake ndefu ya kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ikitumiwa na wote: kati ya 1604 na 1914 zilipitishwa sheria zaidi ya 5,200 za aina hiyo, zikigusa ekari karibu milioni 6.8. Mahali ambapo babu alilisha ng'ombe mmoja na kukata kuni, mjukuu alipita akiwa kibarua wa mwenye ua. Wanawake waliendelea kuokota kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hukumu, kwa ubishi wao na kwa hisani ya wakulima. Hisani ndiyo mtoto aliyoiona, akaikumbuka kama ukarimu wa kijiji. Sisemi haukuwepo ukarimu. Nasema ulikuwa umekalia mahali ambapo zamani palikuwa na haki.

Hapa naomba nitoke nje ya Uingereza kidogo. Sheria ya Kenya ya kikoloni ya mwaka 1918 iliwataka maskwota waliokaa kwenye mashamba ya walowezi kutoa kazi ya angalau siku 180 kwa mwaka. Baadhi ya walowezi hao walitoka katika familia za makabaila wa Kiingereza, na utaratibu wa kumfunga kibarua kwa paa la nyumba yake haukuwa jambo geni kwao. Mashambani Kenya walikuwa na nguvu ambazo baba zao walianza kuzipoteza nyumbani.

Turudi. Nikitakiwa kuchagua kijiji kimoja cha kumwonyesha mtu anayeamini kwamba watoto wa vijijini Uingereza waliishi nje ya siasa, nitachagua Burston, Norfolk. Walimu wawili, mume na mke, Tom na Annie Higdon, walihamishiwa hapo 1911 wakitokea shule nyingine ya Norfolk ambako walikwishagombana na wakubwa kuhusu watoto kutolewa darasani kwenda mashambani. Tom alikuwa mtu wa chama cha vibarua. Mwaka 1913 yeye na vibarua wenzake walishinda uchaguzi wa baraza la kijiji, na kasisi, aliyekuwa pia kiongozi wa kamati ya shule, akaangushwa. Kilichofuata hakikuwashangaza wengi. Yakaibuka mashtaka dhidi ya walimu, mojawapo likiwa kwamba Annie aliwasha moto darasani bila kibali, moto wa kukausha nguo za watoto waliofika wamelowa mvua. Wakafukuzwa kazi.

Tarehe 1 Aprili 1914, watoto 66 kati ya 72 waligoma. Waliandamana kijijini wakiwa na vibendera na kadi shingoni zilizoandikwa kwamba wanawataka walimu wao. Wazazi walipelekwa mahakamani na kutozwa faini kwa kutowapeleka watoto shule. Ndipo masomo yakaanzishwa kwenye uwanja wa kijiji, kisha kwenye karakana, na mwaka 1917 likafunguliwa jengo jipya lililojengwa kwa michango ya vyama vya wafanyakazi kutoka sehemu nyingi. Na nyumba? Kasisi alikuwa na silaha ile ile ya siku zote: familia zilizokodi ardhi ya kanisa na kuunga mkono mgomo zilipewa notisi ya kuondoka. Shule ya mgomo ilidumu miaka 25, hadi Tom alipofariki mwaka 1939.

Ninachokipenda kwenye kumbukumbu za Burston ni kwamba zina kila kitu ambacho kumbukumbu tamu huwa nacho. Kuna uwanja wa nyasi, masomo chini ya jua, wimbo, mwalimu anayependwa. Waliosoma hapo walizeeka wakilisimulia jambo hilo kwa fahari na kicheko. Lakini hakuna aliyeweza kulisimulia bila kumtaja mwenye ardhi. Utamu haukuwalazimisha kusahau.

Tarehe 1 Septemba 1939 ilileta kumbukumbu za aina nyingine, za watoto wa mjini waliopelekwa vijijini kuepuka mabomu. Katika siku chache watu karibu milioni 1.5 walihamishwa, wengi wao watoto wa shule waliobeba barakoa za gesi na lebo za majina kwenye makoti. Walipangwa kwenye ukumbi wa kijiji, wenyeji wakapita wakichagua. Wasichana nadhifu na wavulana wenye misuli ya kusaidia shambani walichukuliwa mapema. Ndugu watatu waliokataa kuachana walibaki mpaka jioni. Serikali ilimlipa mwenyeji shilingi 10 na peni 6 kwa wiki kwa mtoto mmoja, na shilingi 8 na peni 6 kwa kila mtoto kama ni zaidi ya mmoja. Miaka themanini baadaye simulizi zao zimegawanyika kabisa. Kuna waliopata wazazi wa pili na kurudi kila kiangazi mpaka walipowazika. Kuna waliolala bandani, wakapigwa, wakafunga mdomo. Kijiji kimoja, ukumbi mmoja, na majibu tofauti kwa sababu ya mlango walioingia. Anayeandika kuhusu "maisha ya kijijini wakati wa vita" kana kwamba yalikuwa maisha ya aina moja hajawasikiliza.

Vita hivyo hivyo viliwatoa wengine. Mwishoni mwa 1943 jeshi lilihitaji uwanja wa mazoezi kabla ya kuvuka kwenda Ufaransa. Watu wa Imber, kwenye nyanda za Salisbury, waliitwa kwenye chumba cha shule tarehe 1 Novemba na kuambiwa wana siku 47. Watu 225 wa Tyneham na maeneo yake, kwenye pwani ya Dorset, waliondoka wiki moja kabla ya Krismasi. Kwenye mlango wa kanisa la Tyneham waliacha karatasi ikiwaomba wanajeshi wayatunze majengo, na kuahidi kwamba siku moja wangerudi kuwashukuru. Vita viliisha 1945. Hawakurudi, na hadi leo vijiji vyote viwili viko mikononi mwa jeshi. Unaruhusiwa kuvitembelea siku maalumu, wakati mizinga imenyamaza.

Tyneham hutajwa sana kama msiba wa vita, na mimi naona hapo ndipo simulizi inapomkinga mhusika. Vita vilieleza kwa nini waliondoka. Havikueleza kwa nini hawakurudi, wala kwa nini kibarua wa Tyneham alilipwa kwa ajili ya mboga za bustanini mwake na si kwa ajili ya nyumba. Wanakijiji walikuwa wapangaji. Kijiji kilikuwa mali ya familia moja, na mwaka 1948 serikali ilikitwaa moja kwa moja kwa kununua ardhi kwa lazima. Huko Imber karibu ardhi yote ilikwishanunuliwa na wizara ya vita kabla ya 1943, kwa hiyo hata mkulima alikuwa amekaa kwa mkataba ambao mwenye mali aliweza kuusitisha. Watu ambao mababu zao wa vizazi vingi walizikwa nyuma ya kanisa hawakuwa na karatasi ya kuonyesha mbele ya mtu yeyote.

Miongo iliyofuata naipita kwa haraka kwa sababu inajulikana zaidi. Nyumba za halmashauri, zilizoanza kujengwa kwa wingi baada ya sheria ya 1919 na kuongezeka baada ya 1945, zilimpa kibarua paa lisilo la tajiri wake kwa mara ya kwanza. Sheria ya 1944 ilianza kupeleka mabomba ya maji vijijini. Kabla yake, na mahali pengi hata baada yake, mtoto wa Kiingereza alibeba ndoo kutoka kisimani kama mtoto wa Singida. Trekta likamwondoa farasi, na pamoja naye wanaume waliomwendesha. Mwaka 1976, miaka mia moja na ushee baada ya hotuba ya Wellesbourne, ndipo sheria ilipowapa wakazi wa kota za mashambani ulinzi wa maana dhidi ya kufukuzwa. Ulinzi ulifika wakati waliohitaji kulindwa wakiwa wamebaki wachache.

Miaka minne baadaye, sheria ya 1980 iliwaruhusu wapangaji wa halmashauri kununua nyumba zao kwa bei ya punguzo. Kwa familia ya kibarua ilikuwa neema isiyo na mfano, na sitawabeza walionunua: hatimaye mtu alikuwa na kile alichokuwa nacho baba yake Arch. Lakini nyumba nyingi zilizouzwa hazikujengewa badala yake, na kizazi kilichofuata kikakuta sokoni wanunuzi wa London wanaotafuta pa kupumzikia wikiendi. Katika vijiji vya Cornwall na pwani ya Norfolk unaweza kupita Januari usiku ukakuta madirisha mengi ni giza. Tangu Aprili 2025 halmashauri zimeruhusiwa kutoza kodi ya halmashauri maradufu kwa nyumba ya pili. Tusubiri tuone, mwenye uwezo wa kununua nyumba ya mapumziko mara nyingi ana uwezo wa kulipa.

Ndiyo maana wengi wanaoandika kumbukumbu hizi tamu wanaziandika wakiwa mbali na kijiji, katika miji ambako watoto wao waliweza kupata nyumba. Husema nyakati zimebadilika. Husema intaneti, magari, vijana wa siku hizi. Huwasikii mara nyingi wakisema kwamba kijiji kilikuwa na bei na mtu fulani alikuwa na fedha zaidi yao.

Mashamba yenyewe bado yana vibarua. Stroberi za Herefordshire na Kent huchunwa kwa sehemu kubwa na watu wanaokuja kwa viza ya msimu, isiyozidi miezi sita, wakitokea nchi kama Kirgizistani na Uzbekistani. Wengi hulala kwenye karavani zilizopangwa pembeni mwa shamba. Karavani ni ya mwenye shamba, na kodi yake hukatwa kwenye mshahara. Kazi ikikatika, kitanda nacho. Viza hiyo hairuhusu kuja na mke, mume wala mtoto, kwa hiyo watoto wa wachumaji hawa watakua Bishkek na Tashkent, na watakachokikumbuka kuhusu kijiji cha Kiingereza ni simu za video za jioni kutoka ndani ya karavani.